Kabla Hujasema "Siku Yake Ilifika"

Maneno haya niliyasema Ujiji, Jumamosi moja asubuhi, mbele ya vijana wa mtaa, wazazi wao na wazee wachache waliokuja kusikiliza. Siku ile sikuwa na karatasi. Nimeyaandika baadaye kwa kumbukumbu, na pale nilipoteleza ulimi nimejirekebisha.

Mwakeye! Assalaam aleikum. Bwana Yesu asifiwe. Asiyeitikia hata moja kati ya hizo basi akohoe, nijue yupo.

Wazee wangu, shikamooni. Vijana, marahaba, hata ninyi mliojibanza kule nyuma ambao hamjaniamkia.

Barua yenu ilinikuta napepeta mchele. Nikaisoma mara mbili: "Je, maisha ya binadamu huongozwa na kudra au na hiari yake?" Nikajua imekosea nyumba. Mimi ni mkunga mstaafu. Watu wakinialika huniambia niseme habari za chanjo, uzazi wa mpango au lishe ya mjamzito, na huko nina maneno ya kutufikisha magharibi. Kudra na hiari ni mambo ya masheikh, mapadri na maprofesa. Nikampigia simu kijana aliyeileta. Akanijibu, "Hapana, bibi, hatujakosea. Masheikh tumewasikia, wachungaji tumewasikia. Tunataka mtu aliyekuwa mlangoni."

Jibu hilo lilinifunga mdomo. Kweli nilikuwa mlangoni, miaka 36. Wengi nimewapokea wakiingia, na wachache, si wachache sana, nimewasindikiza wakitoka.

Basi nianze na kile kinachosemwa mlangoni. Mnadhani neno nililolisikia kuliko yote katika kazi yangu ni "sukuma". Sivyo. Ni "siku yake ilifika". Linasemwa na mume, na mama mkwe, na nesi, na dereva wa gari la wagonjwa, na imamu au katekista makaburini. Wala silidharau. Kwa aliyefiwa ni blanketi, na mtu anayetetemeka kwa baridi humuulizi blanketi lake limetoka kiwanda gani. Mimi mwenyewe nilipofiwa na mume wangu nilijifunika hilohilo.

Lakini hebu tazameni neno ajali. Kwa Kiarabu, kule lilikotoka, maana yake ni muda uliowekwa, mwisho wa mtu uliopangwa. Sisi tumelichukua tukalibandika kwenye basi lililopinduka. Basi tairi zake vipara, breki za kubahatisha, dereva hajalala tangu juzi, abiria wamepangwa mpaka mlangoni. Likianguka tunasema ajali. Maana yake tumeshahukumu kabla trafiki hajafika na futi yake ya kupimia. Na methali tunayo tayari mfukoni, ajali haina kinga. Haina kinga! Mkanda ni nini? Na ile helmeti wanayoitundika kwenye kioo cha pikipiki kama pambo, ni nini?

Ingawa, tuwe wakweli, methali zetu zina ndimi mbili. Bibi yangu mzaa mama alikuwa na "jitihada haiondoi kudra" na alikuwa na "mtaka cha mvunguni sharti ainame", na alizitumia zote mbili siku moja bila haya. Ile ya kwanza alipopoteza kitu yeye. Ya pili alipotaka sisi wajukuu tukateke maji.

Sasa nitawaambia jambo ambalo sijawahi kulisema hadharani. Mume wangu alilijua, Mungu amrehemu, na mwenzangu mmoja wa kazi.

Mwaka 1986 nilikuwa nesi mkunga mpya kabisa, kofia yangu bado ina wanga. Nilipangiwa zahanati ya kijijini, kijiji sitakitaja. Tulikuwa watumishi watatu: mganga wa zahanati, mimi, na mzee mmoja mhudumu ambaye mchana alifagia na kuchemsha vyombo, na usiku akalinda. Dawa zilikuwa zikiibwa. Ikatoka amri kabati lifungwe kwa kufuli na ufunguo ukae kwa mtu mmoja, naye ni mganga. Amri nzuri, siicheki. Kabla yake ulikuwa ukienda gulioni unakuta klorokwini ya serikali imepangwa pembeni ya nyanya.

Mwisho wa mwezi mganga akaenda mjini kufuata mshahara. Enzi hizo mshahara haukukufuata kwenye simu. Uliufuata wewe, ukalala huko, na kama pesa hazijafika ukalala tena. Akaondoka na ufunguo mfukoni, kama alivyokuwa akitembea nao kila siku. Hakusahau. Ndivyo alivyoagizwa.

Kesho yake jioni akaletwa mama kwenye baiskeli. Mimba ya tano. Akajifungua bila taabu, mtoto wa kike, akalia kwa sauti. Kondo la nyuma likatoka. Nikaligeuza kwenye mwanga wa karabai nikalikagua, halikupungua kipande. Nikasema alhamdulillahi. Kisha nikasikia matone. Kitanda kilikuwa cha chuma, juu yake godoro lenye mpira, na damu ilikuwa inafuata mkunjo wa mpira ule inadondokea kwenye saruji. Kabla sijaiona niliisikia.

Kizazi kilikuwa kimelegea. Mtoto akishatoka, kizazi hujikaza kikawa kigumu kama embe bichi, na kule kujikaza ndiko kunakofunga mishipa. Kikilegea mishipa hubaki wazi, na mama mwenye afya yake anaweza kuisha damu kwa saa chache tu. Nikamsugua tumbo. Nikamweka mtoto kwenye titi, maana kunyonya hukaza kizazi. Nikamtoa mkojo kwa mpira. Nikaingiza mkono mmoja ndani, wa pili juu ya tumbo, nikakibana katikati mpaka mikono ikafa ganzi. Kilichobaki ni sindano ya ergometrini, dawa ya kukaza kizazi. Sindano ilikuwa kabatini. Kabati lilikuwa hatua nne kutoka nilipokuwa.

Hapa ndipo ilipo hotuba yangu yote, kwa hiyo mlio na simu ziwekeni chini kidogo. Mlango wa chumba kile haukukaa wazi wenyewe, tuliuzuia kwa jiwe. Jiwe la mtoni, ukubwa wa kichwa cha mtoto mchanga. Niliiona ile njia. Yule mzee mhudumu naye aliiona. Alilitazama jiwe, akanitazama mimi. Kufuli lenyewe lilikuwa dogo. Nami nikawaza, ni mali ya serikali hii. Nikawaza barua ya onyo, na miezi minne tu niko kazini. Nikawaza labda damu itakata. Nikamwambia, "Tusubiri kidogo, mzee."

Haikukata. Alfajiri haikumkuta.

Mume wake alikuwa amekaa nje kwenye benchi usiku kucha. Nilipotoka hakuningoja niseme. Akaniambia, "Nesi, usilie. Siku yake ilifika." Mimi niliyepaswa kumpa pole nikapewa pole. Na nitawaambia kilichopita kifuani mwangu: nilipata nafuu. Huzuni ilikuja baadaye, kwanza nilipata nafuu. Neno lile lilifunga jalada. Hakuna aliyeuliza habari za kufuli, kwa sababu siku ikishafika, kufuli lina kosa gani? Mganga aliporudi akasema hivyohivyo, na alisema kwa moyo safi. Kwenye kitabu tukaandika kuvuja damu baada ya kujifungua. Mdomoni tukasema kudra ya Mungu.

Kwa yule mume lilikuwa blanketi. Kwangu lilikuwa pazia.

Nilikuja kujua baadaye sana kwamba miaka ileile, hapahapa Kigoma mjini, kulikuwa na daktari aliyekataa pazia hilo. Alikuwa Dk. Godfrey Mbaruku, wa hospitali ya mkoa. Yeye na wenzake walipitia vifo vya akina mama vya 1984 hadi 1986, kifo kimoja kimoja, wakiuliza nini kilikosekana. Kisha kuanzia 1987 wakaweka mpango wa mambo 22. Yeye na daktari Staffan Bergström wa Sweden wakaja kuyachapisha mwaka 1995, na yamesomwa na madaktari wa dunia nzima, ila sisi wenye mkoa wengi wetu hatuyajui.

Mnadhani mambo 22 hayo ni mashine kutoka Ulaya? Ni vikao vya mara kwa mara vya kukaguana kazi. Ni vifaa kutengenezwa kwa ratiba badala ya kungoja viharibike. Damu iwepo. Antibiotiki na dawa muhimu ziwepo. Maji ya dripu yatengenezwe hapahapa. Watumishi wafundishwe wakiwa kazini, malalamiko ya wananchi yasikilizwe, pesa kidogo ichangwe hapahapa nyumbani. Na lile ninalolipenda kuliko yote: umbali wa nyumba za watumishi muhimu mpaka hospitalini. Yaani mtaalamu wa kupasua analala wapi, na akihitajiwa saa nane za usiku atafikaje.

Mwaka 1984 pale hospitalini walikuwa wanakufa akina mama 933 kwa kila watoto 100,000 waliozaliwa hai. Mwaka 1991 walikuwa 186.

Wanafunzi wa hesabu, nitoleeni. 747. Katika kila laki moja, siku ya akina mama 747 ilikuwa inafika mwaka 1984, na mwaka 1991 haikufika. Mungu alibadilisha daftari? Mungu ni yuleyule. Ziwa lilelile, milima ileile, mihogo na dagaa vilevile, na barabara, mnaokumbuka barabara za miaka ile mtanisaidia kucheka. Kilichobadilika ni watu kukaa mezani na kuulizana, na jenereta kupewa mafuta kabla halijazimika.

Na wale 186? Hao nao ni watu. Pengine miongoni mwao wapo ambao hata ungevunja makufuli yote ya Tanzania usingewaokoa. Nimewaona wa namna hiyo. Kila kitu kimefanyika, kwa wakati, na mikono safi, na mtu anaondoka mbele yako. Hapo ninasema siku yake ilifika na ulimi haunisuti.

Naona sheikh wangu pale mbele amekunja mikono. Sheikh, sijasema kadari haipo. Kuiamini ni katika nguzo za imani yangu, na sina mpango wa kubomoa nguzo uzeeni. Ninyi mnaijua kuliko mimi habari ya Sayyidna Umar, khalifa wa pili, yapata mwaka wa 18 Hijria, alipokuwa njiani kwenda Sham, yaani Syria na jirani zake, akapewa habari kwamba huko kuna tauni, ile iliyoitwa tauni ya Amwas. Akashauriana na watu, akaamua kurudi. Abu Ubayda bin al-Jarrah, amiri wa jeshi la Sham, akamuuliza, je, unaikimbia kadari ya Mungu? Umar akamjibu: naam, tunaikimbia kadari ya Mungu kwenda kwenye kadari ya Mungu. Akampa mfano wa ngamia. Ukishuka nao bonde lenye pande mbili, moja ina majani na nyingine kame, ukiwalisha kwenye majani umewalisha kwa kadari ya Mungu, na ukiwalisha kwenye ukame ni kwa kadari ya Mungu vilevile. Lakini mchungaji ni wewe.

Hayo ya mwisho nimeongeza mimi, nisamehewe.

Abu Ubayda alibaki Sham na askari wake, na tauni ile ikamchukua. Watu wakifika hapo humfanya mjinga ili Umar awe mwerevu, na huko ni kumwonea. Alikataa kuwaacha watu wake. Hiyo nayo ilikuwa hiari, tena nzito kuliko yangu mimi niliyeogopa barua ya onyo.

Baada yao Waislamu wakagawanyika juu ya jambo hili. Wapo waliosema binadamu ni unyoya kwenye upepo, wakaitwa Jabriya. Wapo waliosema binadamu ndiye anayeumba matendo yake, wakaitwa Kadariya. Wanachuoni wengi wakazikataa ncha zote mbili wakatafuta pa kusimama katikati, na kitabu chao bado hakijafungwa. Ndugu zangu Wakristo nanyi mna yenu. Katika Luka sura ya 13 kuna watu 18 walioangukiwa na mnara wa Siloamu wakafa, na Yesu akawauliza wasikilizaji wake kama wanadhani hao walikuwa wakosaji kuliko wenzao wa Yerusalemu. Akawajibu hapana. Aliwakataza kusoma hatia ya mtu katika namna alivyokufa. Ni maneno makubwa. Ila mimi kila nikiyasikia kanisani kwenye misiba ya majirani, moyoni najiuliza fundi wa mnara ule alikuwa nani.

Mjukuu wangu aliye chuo kikuu alipojua nakuja hapa aliniletea habari nyingine kabisa. Mwaka 1983 huko Marekani, mtaalamu Benjamin Libet aliwafunga watu waya kichwani akawaambia wasogeze mkono wakati wowote wapendao, na waseme ni lini hasa walihisi kutaka. Akakuta ubongo umeshaanza kujiandaa kama theluthi ya sekunde kabla ya mtu kujihisi anataka. Mjukuu wangu akahitimisha kwamba hiari ni kiini macho. Wapo wataalamu wengine walioyapinga maelezo hayo, na bado wanabishana. Nami nilimwambia, mwanangu, kusogeza kidole hakunisumbui. Mimi nililitazama lile jiwe kwa muda wa kuchemsha chai.

Msinielewe vibaya kwa upande wa pili. Siku hizi ninyi vijana mna watu wa kwenye simu wanaowahamasisha. Suti, kipaza sauti, na maneno: mafanikio ni uamuzi, maskini amechagua umaskini, ukifeli umependa mwenyewe. Huyo ningempandisha kwenye ile baiskeli, nyuma, kwenye keria, uchungu umemshika, saa mbili za njia ya mawe. Yule mama alifanya nini ambacho hakutakiwa kufanya? Kliniki alihudhuria. Hakuzalia nyumbani. Uchungu ulipoanza hakungoja mama mkwe atoe ruhusa. Hiari yake aliitumia yote mpaka ikaisha, na ilipoishia ndipo ilipoanza ya kwangu. Wala hakujua. Alikuwa amelala pale uhai wake uko kwenye ulimi wangu, na ulimi wangu ukasema tusubiri kidogo.

Kudra ya huyu mara nyingi ni hiari ya yule. Nimekaa na jambo hilo karibu miaka 40 na sijapata njia ya kulipamba. Mnaniuliza kama maisha ya mtu yanaongozwa na kudra au na hiari, nami nauliza, hiari ya nani? Ya barabara aliamua mtu. Ya kufuli aliamua mtu, tena kwa nia njema. Ya mshahara ufuatwe mjini aliamua mtu ambaye hakuwahi kukiona kijiji kile. Zote zilikuwa hiari za watu, na zilipomfikia yeye kitandani zilikuwa zimeshageuka kudra.

Vipo visivyo na mwenyewe, ndiyo. Damu, kwa mfano. Baba na mama wote wawili wakiwa wamebeba chembe ya selimundu, yaani sikoseli, bila wao kuumwa, kila mimba ina nafasi moja katika nne ya kuleta mtoto mgonjwa. Kila mimba, nasisitiza, maana nimekutana na wazazi wengi wanaodhani wakishapata mgonjwa mmoja basi watatu wanaofuata ni salama, kama foleni. Si foleni. Ni bahati nasibu inayochezeshwa upya kila mara. Na chembe hiyo haikuja kwa laana ya mtu. Aliyerithi moja tu hupata kinga fulani dhidi ya malaria kali, ndiyo maana imekaa sana kwetu penye mbu. Hilo hukulichagua, hata babu yako hakulichagua. Kupima kabla ya ndoa mnaweza. Na kumpeleka mtoto kliniki badala ya kumtafutia mchawi, hilo pia mnaweza.

Au majina. Nimeandika majina ya watoto mpaka kalamu zikaisha wino: Shida, Tabu, Mashaka, Sikujua, Matatizo, na kwa upande wa heri Bahati, Riziki, Majaliwa. Mtoto hajafungua macho tumeshamwandikia hatima. Niliwahi kumwomba baba mmoja abadilishe Matatizo iwe hata Subira. Akaniuliza kama nitamlisha mimi.

Mjukuu wangu aliniambia pia kwamba mtu akihutubia Kigoma bila kuitaja meli ya Liemba huhesabiwa hakuhutubia. Basi naitaja, tena kwa sababu. Wajerumani waliiunda kwao Papenburg mwaka 1913, wakaifungua vipande vipande, ikapanda meli ya baharini, ikapanda reli, ikaungwa tena hapa, na 1915 ikaingia majini. Julai 1916 walipozidiwa wakaizamisha wenyewe. Lakini kabla ya kuizamisha mafundi walizipaka injini zake grisi nzito. Vita hawakuianzisha wao, amri ya kuzamisha haikuwa yao, na hawakujua nani ataiibua wala lini. Grisi tu ndiyo iliyokuwa mikononi mwao. Waingereza walipoiinua 1924, karibu miaka 8 tangu izamishwe, injini zilikuwa bado zinafaa, na 1927 ikarudi kazini kwa jina tunalolijua. Mama zetu wangapi wamepanda meli ile na mimba zao, wakipokewa kutoka kwenye mitumbwi pale pasipo na gati? Kwao ilikuwa majaliwa kwamba meli ipo. Kumbe kuna mtu alipaka grisi.

Baada ya hapo nilifungua maswali. Mzee mmoja mvuvi wa Kibirizi akasema riziki hufungwa na Mungu, sasa Ziwa Tanganyika kufungwa lisivuliwe miezi mitatu mwaka 2024, kuanzia tarehe 15 Mei mpaka 15 Agosti, ni binadamu kujipa kazi isiyo yake. Watu wakampigia makofi sana, kuliko mimi. Nikamwambia, mzee wangu, mwezi mwandamo na upepo ni vya Mungu, na dagaa huzaliana kwa kudra. Lakini nyavu za matundu ya chandarua zimeshonwa na watu, na baadhi yao nawajua, wamekaa hapa. Hapo makofi yakapungua.

Kijana wa bodaboda akauliza, "Bibi, kama siku imeandikwa, helmeti inasaidia nini?" Nikamuuliza, na kama siku imeandikwa, pikipiki usiku unaifunga mnyororo wa nini? Akacheka, akakaa. Sijui kama amenunua.

Dada mmoja kule nyuma, mwenye kitenge cha njano, ndiye aliyeuliza swali nililokuwa nalikimbia. Alitaka kujua kama niliwahi kuwaambia ile familia.

Niliwaambia. Si wote. Baba alishafariki sijamwambia, nililala nalo mpaka nikachelewa. Yule mtoto wa kike aliishi, akapewa jina ambalo ni moja katika yale niliyoyataja, si la heri. Ni mtu mzima sasa, ana watoto wake, anauza dagaa. Mwaka niliostaafu alinitafuta mwenyewe. Aliambiwa kuna nesi aliyekuwepo, akaja nyumbani, akanikuta nachambua dagaa wangu uani, akavuta kigoda, akaanza kuchambua na mimi bila kuombwa, maana ni kazi yake na mkono wake ni mwepesi kuliko wangu. Nikamweleza yote. Ufunguo, mshahara, kufuli, jiwe, na lile neno nililosema.

Alinyamaza muda mrefu, anatoa vijiti na mchanga, anaweka pembeni. Kisha akauliza, "Alinishika?"

Nikamwambia, "Alikushika, mwanangu. Nilikuweka titi la kushoto. Ulinyonya."

Akaendelea na dagaa. Alipokuwa anajikung'uta aondoke akaniuliza kama ile zahanati ipo bado, na ufunguo siku hizi anakaa nao nani. Nikamwambia nilipita kule kuaga kabla sijastaafu. Unaning'inia kwenye msumari, usawa wa bega, ukiingia tu mlangoni mkono wa kulia.